Doti, Kaunda Suti na Koti la Ngozi: Habari za Nguo Bondeni Lumuma

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani hivi sasa,

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, nadhani alitazamia nieleze ni lini shule ilijengwa, nani aliweka jiwe la msingi, na wakuu wa shule walifuatana vipi. Habari hizo zimebandikwa ofisini kwa Mkuu wa Shule na anayezitaka atazisoma pale. Mimi nimeona niandike juu ya nguo. Wengine mtaona kuwa jambo hili ni dogo kwa mtu aliyepelekwa Chuo Kikuu kwa kodi ya wananchi akasome historia. Naomba mnivumilie hadi mwisho, maana ninayo sababu.

Katika mkutano wetu uliopita, mzee mmoja wa kundi la miaka ya sabini aliingia ukumbini amevaa Kaunda suti ya rangi ya kahawia. Kola ilikuwa imeanza kuchakaa, lakini pasi ilikuwa imesimama, na vifungo vyote vinne vilikuwa vyake vya asili. Vijana wa kidato cha pili waliokuwa wakitugawia soda wakacheka. Hawakucheka kwa sauti kubwa, lakini yule mzee alisikia, nami nilisikia. Akaketi, akanywa soda yake polepole, na tulipoitwa nje kupiga picha akawa ameshaondoka. Ukiitazama picha ya siku ile utaona safu ya pili ina pengo. Pengo hilo ni lake.

Sisemi kwamba vijana wale hawakulelewa. Nilipokuwa na umri wao nilifanya ubaya uliozidi kicheko, nao nitaueleza mbele. Nasema tu kwamba walicheka kwa kutojua walichokuwa wakikitazama, na kazi ya mtu wa historia ni kueleza kitu kinachotazamwa.

Mimi ni mtu wa Lumuma. Wale mliosoma nami mnakumbuka mlivyokuwa mkinitania kuwa nanuka vitunguu, kwa kuwa bonde letu ni la vitunguu vya kumwagilia, huko mpakani ambako Kilosa inakutana na Mpwapwa. Mnaotoka mjini mnadhani Lumuma iko mwisho wa dunia. Kwa hakika kuna wakati ilikuwa katikati ya barabara kuu. Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipanda kwa kufuata bonde la Mto Mkondoa, ikavuka milima ya Usagara kuelekea Ugogo. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita njia hiyo, na katika kitabu chake Burton aliitaja Rumuma, yaani hapa kwetu, kuwa mahali ambapo wapagazi walipenda kupumzika kwa sababu chakula kilipatikana. Watu waliteremka kutoka milimani na mazao yao wakayauza kambini.

Waliuza kwa malipo gani? Hapo ndipo nguo inapoingia katika historia yetu. Fedha za sarafu hazikuwa na maana huku bara. Malipo yalikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo kuu ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa Marekani katika jimbo la Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za mji wa Salem, hasa baada ya mkataba wa biashara kati ya Sultani Said na Wamarekani mwaka 1833. Ya pili ilikuwa kaniki, ile ya buluu nzito. Juu ya hizo zilikuwako nguo za rangi zenye majina yake, barsati, dabwani, sohari, ismaili, nyingi zikitoka Maskati na Bara Hindi. Kipimo kilikuwa mkono, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti. Akina mama wakienda dukani leo bado wanaomba “doti ya kanga”. Misafara imekwisha zamani, na kipimo chake kingali kinatumika katika duka la mangi.

Ili mjue ukubwa wa jambo lenyewe, tazameni hesabu ya Henry Morton Stanley alipojiandaa Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone. Wafanyabiashara wenyeji walimweleza kuwa watu 100 wanahitaji doti 10 kwa siku ili wapate chakula njiani. Kwa safari ya miaka miwili hesabu yake ilifika doti 4,000 za merikani, doti 2,000 za kaniki na doti 1,300 za nguo za rangi. Hiyo ni zaidi ya yadi 29,000 za kitambaa mabegani mwa watu. Naye alipita katika bonde hilihili la Mkondoa.

Lakini lililonishangaza mimi, siku ile nilipolisoma mara ya kwanza katika maktaba ya Mlimani, halikuwa wingi wa nguo. Ni kwamba msafiri hakuweza kuleta nguo au shanga yoyote tu. Stanley analalamika kuwa shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo na kukataliwa kwingine kote. Shanga nyeupe zilikubaliwa Ufipa na sehemu fulani za Usagara na Ugogo, lakini Useguha zilidharauliwa. Mtu aliyechagua vibaya Unguja angeweza kufa njaa katikati ya watu wenye vyakula tele, huku mizigo yake imejaa mali. Na kulikuwa na shanga nyekundu, samesame, ambazo Burton aliambiwa zina jina la utani, “kivunja mji”, kwa sababu wanawake walizipenda hata waume wakafilisika. Ninapowasikia wazee wa leo wakisema tamaa ya mavazi imeletwa na televisheni, huikumbuka kivunja mji.

Watengenezaji wa Uingereza walijaribu kuiga merikani wakaileta Unguja, lakini wanunuzi waliishika, wakaijua, wakaikataa. Wapagazi walikwenda na habari, wakarudi na habari: huko wanataka upana huu, huku wanataka pindo la rangi hii. Habari hizo zilivuka bahari zikabadili ufumaji wa viwanda vya mbali. Basi babu zetu wasiojua kusoma walikuwa wateja ambao tajiri wa Salem au Bombay alilazimika kuwasikiliza. Jambo hili halikuwamo katika vitabu tulivyofundishiwa hapa shuleni. Tulifundishwa kwamba wageni walimdanganya Mwafrika kwa shanga na vitambaa. Udanganyifu ulikuwako, sikatai. Lakini mtu anayegeuza kitambaa upande wa pili, anayekinyoosha kwenye jua, anayekipima kwa mkono wa mtu mrefu kuliko wote kijijini, huyo si mjinga.

Sitaki nipambe zaidi ya kweli. Doti zilezile zilizonunua mtama zilinunua na watu. Bonde la Mkondoa lilionja uvamizi wa wauza watumwa, na Burton mwenyewe aliona vijiji vilivyochomwa. Baada ya utumwa kukomeshwa Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki, iliyokuwa imewatambulisha, wakajifunga kanga za rangi kama watu huru. Hawakungoja mtu awape hati ya kuthibitisha uungwana wao, kwa maana kanga ilisema yote. Kwa hiyo kijana akikuambia kuwa nguo ni nguo tu, muulize kwa nini mtu aliyetoka utumwani hakuanza kwa kununua sufuria.

Miaka ya Mjerumani na Mwingereza nitaipita haraka, maana inajulikana. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, ikipita Kilosa, na barabara ya misafara ikafa. Lumuma ikabaki pembeni. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yakaleta manamba, manamba wakaleta mshahara, mshahara ukaleta maduka ya Wahindi, na kila baraza la duka likapata fundi na cherehani yake. Miaka ya thelathini kitambaa cha Kijapani kilijaa kwa kuwa kilikuwa rahisi, na wakati wa Vita vya Pili ukaja mgao. Kaptula ya kaki ikawa vazi la karani, la askari na la mwanafunzi, na hata leo wanafunzi wetu wanavaa rangi hiyo bila ya kuulizana ilitoka wapi.

Uhuru ulipokuja, nguo iliingia katika siasa. Mwaka 1965 Waziri Mkuu wa China, Chou En-lai, alizuru nchi yetu, na watu wetu wakapata jina la suti isiyohitaji tai, chunlai. Rais Kaunda wa Zambia naye akatuachia jina la Kaunda suti, yenye mikono mifupi na mifuko mikubwa. Maana yake ilieleweka bila ya maelezo: mtu anaweza kuwa nadhifu na mwenye heshima pasipo kujinyonga kwa tai katika joto la Dar es Salaam. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa kwa msaada wa China, na Mwatex kule Mwanza mwaka huohuo. Pamba yetu ikawa kanga na kitenge chetu. Sisi wa Kilosa tulikuwa na fahari ya ziada, kwa kuwa mbegu za pamba zilikuwa zikifanyiwa utafiti hapo Ilonga.

Mwaka huohuo wa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku mini, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Kabla hata tarehe haijafika, wasichana walishambuliwa na makundi ya wahuni pale Kariakoo. Lumuma hapakuwa na mini ya kupiga marufuku, kwa hiyo operesheni ilitupita. Lakini maoni yangu nitayasema, kwa kuwa nimeombwa kuandika na si kunyamaza. Kufundisha watu kuchagua ni kazi ndefu, nayo haifanywi na kundi la vijana kwenye kituo cha basi. Miaka michache baadaye mabugaluu na viatu vya raizoni viliingia na kutoka vyenyewe, bila ya askari.

Sasa nafika kwa baba yangu. Alikuwa mkulima wa vitunguu na balozi wa nyumba kumi. TANU na Afro-Shirazi zilipoungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, alikwishauza mavuno mazuri, akateremka Kilosa mjini kushona suti ya kuvaa siku ya sherehe. Alisimulia safari hiyo mara nyingi hata naijua kama niliyekuwako, ingawa sikuwa nimezaliwa. Alikwenda na fedha za suti moja. Alizunguka maduka manne bila kununua kitu, akalala kwa jamaa, asubuhi akarudi katika duka la pili, akachukua kitambaa cha terilini cha rangi ya majivu. Mwenye duka alimsifia kile cha buluu chenye kumeta. Baba akamwambia kuwa cha kumeta kitavaliwa mara moja tu, kila mtu atakikumbuka, na mara ya pili watasema ni kilekile; lakini hiki cha majivu hakuna atakayekikumbuka, hivyo atakivaa miaka ishirini. Kisha akamwambia fundi aache kitambaa cha inchi mbili ndani ya mishono ya pembeni, kwa kuwa alikusudia kunenepa.

Hakunenepa. Ilikuja Vita vya Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, ikaja bei ya mafuta, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kuvunjika mwaka 1977. Viwanda vikakosa vipuri na fedha za kigeni. Kule Morogoro mjini Benki ya Dunia iligharimia kiwanda cha viatu kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka; hakikupata kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Vijijini watu walikwenda katambuga za tairi. Katika duka la kijiji, kitambaa kilipofika, mlipanga foleni bila kujua mnapangia nini. Ukifika mbele unapewa kilichopo, yadi kadhaa kwa kaya, rangi yoyote, na unashukuru. Mama yangu alikuwa na kawaida ya kuifikicha kanga mpya katikati ya viganja hata wanga utoke, ndipo auone ufumaji wenyewe. Siku moja kwenye foleni aliifikicha, na muuzaji akamwambia: mama, hapa hatuchagui, hapa tunapokea. Mama aliyarudia maneno hayo hata uzeeni, na hakuyarudia kwa kucheka.

Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka 1982, katika kipindi hichohicho. Sanda haikupatikana. Baba alitembea kwenda ofisi moja kuomba kibali cha merikani, akaambiwa mhusika yuko safarini, arudi kesho kutwa. Maiti haingoji kesho kutwa. Basi akina mama wa kitongoji walifungua masanduku yao, kila mmoja akatoa alichokuwa amekihifadhi, huyu kipande cha merikani cha zamani, yule shuka nyeupe ya harusi yake, wakaunganisha kwa sindano ya mkono usiku kucha. Baba alikuwa tayari kuitoa Kaunda suti yake azikwe nayo babu. Wazee wakakataa, wakasema marehemu haendi mkutanoni. Huyo alizaliwa katika bonde ambalo merikani ilipita kwa maelfu ya doti mabegani mwa watu, na siku yake ilipofika haikupatikana hata doti moja nzima.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na bidhaa zilizofichwa zikafichuliwa. Tarehe 12 Aprili 1984 akafa katika ajali ya gari hapo Dakawa, katika mkoa wetu. Bajeti ya Juni 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Ndipo mitumba ilipomiminika. Watu waliiita “kafa Ulaya”, wakiamini mwenye nguo amekufa ndipo imeuzwa, lakini waliivaa. Wasomi huilaumu mitumba kwa kuua viwanda, na lawama hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo mtu aliyesimama katika foleni ya kupokea hatasahau siku aliyomwagiwa chini marundo ya mashati mia mbili na kuambiwa: chagua.

Hapo ndipo naingia mimi na ubaya wangu. Januari 1996 nilikuwa naanza kidato cha tatu. Baba alinipa fedha za vitunguu, nikanunue Kilosa mjini suruali mbili za kaki, mashati mawili meupe na viatu vyeusi, kisha nipande gari kuja shule. Nilishuka kwa lori la vitunguu saa kumi za usiku. Asubuhi nikapita kwenye mitumba, na pale juu ya rundo palikuwa na koti la ngozi, jeusi, lenye zipu za kuelekea pande zote. Muuzaji akanivalisha kabla sijasema neno, akarudi nyuma hatua mbili, akaita wenzake waje kuona. Nilifahamu baadaye kuwa hiyo ndiyo kazi yao na wale wenzake hulipwa soda. Nikanunua. Fedha zilizobaki zilitosha shati moja.

Wanaokumbuka joto la Kilosa mwezi wa Januari watajua nilivyopendeza. Nilifika shuleni na suruali ya mwaka uliopita iliyoishia juu ya kifundo cha mguu na viatu vilivyopasuka. Kwa wiki mbili nililivaa koti kila jioni baada ya masomo, nikitokwa na jasho hadi viatuni. Kisha mwalimu wa zamu akaniambia nirudi nyumbani nikaletewe sare. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa.

Nilimkuta baba kwenye majaruba. Nilikwisha kuandaa uwongo kwamba fedha ziliibiwa, lakini nilikuwa nimelivaa koti. Hakunipiga. Alilishika mkono, akaigeuza bitana, akaichungulia mishono ya kwapa, akaivuta zipu juu na chini. Akasema, “Koti ni zuri. Ulikuwa unataka kwenda nalo wapi?” Nilikosa jibu, na hadi leo sijaulizwa swali gumu kuliko lile, hata kwenye usaili wa Utumishi. Kisha akalivua mwilini mwangu, akalivaa. Usiku ule zamu ya maji ilikuwa yetu, na usiku wa Lumuma una baridi ya milimani. Alilivaa kila zamu ya maji kwa miaka kumi na mmoja. Vitunguu vya kuninunulia suruali vilikuwa bado shambani, ikabidi nikae nyumbani wiki tano nikipalilia hadi vilipouzwa. Katika wiki hizo nilikosa mada mbili za hesabu, ambazo kwa kweli sikuzipata tena hadi mtihani wa kidato cha nne.

Swali la baba ndilo ninaloingia nalo sokoni tangu siku hizo. Vijana mnaponiuliza, kama mlivyoniuliza mwaka juzi, mtu wa mshahara wa serikali anawezaje kuvaa vizuri, sina siri kubwa. Kabla ya kwenda Karume au Mchikichini nafungua sanduku langu nyumbani nione kilichomo, maana mara nyingi ninachotaka kununua ninacho tayari. Nakwenda asubuhi belo linapofunguliwa, na fedha za kitu kimoja tu. Naitazama nguo kwa ndani kabla ya nje: kwapa, mshono wa katikati ya suruali, kola chini ya kunjo, tundu la kifungo. Nguo iliyoshonwa vizuri haina haya kugeuzwa. Asiye na mwili wa Mzungu aliyeivaa kwanza atafute fundi wa kupunguza, na fedha ya fundi aihesabu katika bei toka mwanzo. Nina suruali nne na mashati saba, na waraka wa mwaka 2007 unaohusu mavazi ya watumishi wa umma haujapata kunitia hofu. Muuzaji akikuita “bosi” mara tatu, weka nguo chini.

Habari za viwanda hazijaisha. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba hadi ikome mwaka 2019, na kodi ikapandishwa. Kwetu ilitoka senti 20 za dola kwa kilo hadi senti 40. Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu katika soko la AGOA. Sisi, Kenya na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda haikurudi, na mwaka 2018 ikasimamishwa nafuu ya kuuza nguo huko. Nikisoma habari hizo huwaza kuwa miaka mia moja na sitini iliyopita tajiri wa Massachusetts alikuwa akimuuliza mtu wa Lumuma anataka kitambaa cha upana gani.

Baba alifariki. Kaunda suti alikuwa ameivaa miaka ishirini na tisa, tisa zaidi ya hesabu yake, kwa harusi, mikutano ya kijiji na siku moja ya kuja Mlimani kuniona nikivaa joho. Siku ile, nakiri, nilitamani awe amevaa kitu kingine. Sasa iko kwangu. Mwezi uliopita niliipeleka kwa fundi, mzee anayeshona barazani, nikamwomba aipanue kiunoni, kwa kuwa mimi nimenenepa kwa niaba ya baba. Aliigeuza, akakikuta kile kitambaa cha inchi mbili ndani ya mishono, rangi yake bado mpya kwa kutoona jua. Akauliza nani aliishona.

Nitakuja nayo mkutanoni. Yule mzee nimempigia simu mara mbili. Ya kwanza alisema magoti yanamsumbua, ya pili alisema ataona. Nimemwombea nafasi safu ya pili, na mwenye picha ameambiwa asipige hadi tukamilike. Vijana wa kidato cha pili, ambao sasa wako cha tatu, wakitaka kucheka wacheke, lakini kwanza waje waishike terilini hii kwa mikono yao, waigeuze ndani nje. Sitakasirika.